Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya Zanzibar: mashine mtaleta, hesabu ataifanya nani?

Waheshimiwa Waziri wa Afya, Waziri wa Fedha, Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, na wakurugenzi wote mnaokaa vikao vya kupanga huduma za saratani Zanzibar,

Assalaam alaykum.

Naandika nikiwa barazani kwetu Wete, Pemba. Niko likizo. Tangu asubuhi karafuu za jirani zimeanikwa na kuanuliwa mara nne. Kila wingu likipita watoto wanapigiwa kelele wakimbilie majamvi, na mimi nimo humo humo, nusu naandika nusu nakunja jamvi. Mtanisamehe barua ikienda kwa mikatiko.

Mimi ni mwanafizikia tiba. Mama yangu anawaambia watu nafanya kazi ya kompyuta spitali, na akiulizwa kompyuta gani anajibu, "Hizo za kuchomea kansa." Hajakosea sana. Daktari akishaamua kwamba uvimbe upigwe mionzi, na akishaandika dozi, lazima akae mtu ahesabu mionzi hiyo ipite wapi, iingie kwa pembe ipi, ikae muda gani, na njiani iguse nini. Zamani hesabu hiyo ilifanywa kwa karatasi, rula na kikokotoo. Siku hizi hufanywa ndani ya programu ya kupanga tiba. Barua hii inahusu programu hiyo na mtu anayekaa mbele yake, kwa sababu kila nikisikia mipango ya kuleta mionzi hapa visiwani nasikia jengo, nasikia mashine, nasikia idadi ya vitanda. Programu siisikii. Mtu wake simsikii.

Niwape kisa kwanza, msije mkaona natetea mkate wangu.

Mwalimu mmoja wa skuli ya msingi, mtu wa huku huku Pemba, alitibiwa saratani ya matiti akapata nafuu. Miaka miwili baadaye akaanza kuona kivuli katika jicho la kushoto, "kama mtu kanishushia pazia nusu," alivyosema mwenyewe. Saratani ya matiti inajulikana kwa tabia hiyo: kwa wanawake, ndiyo inayoongoza kutuma seli zake mpaka kwenye ule utando wenye damu nyingi ulio nyuma ya retina. Jicho lake la kulia lilikuwa na kasoro tangu utotoni. Kwa hiyo la kushoto ndilo lililokuwa likimsomea, likimpikia, likimsahihishia madaftari.

Kwa hali kama yake mionzi ni tiba fupi. Dozi inayotumika sana ni grei 30 (grei ndiyo kipimo cha dozi ya mionzi) zilizogawanywa mara 10, yaani wiki mbili za kazi, Jumamosi na Jumapili mapumziko. Akavuka bahari. Akafika hospitali moja ambayo sitaitaja, wala sitasema iko mji gani. Nilikuwapo pale kwa mafunzo. Mashine ya mionzi ilikuwa nzima, imepozwa, imepimwa asubuhi ile ile. Bibi huyu akalazwa, akatengenezewa maski ya plastiki ile inayolainishwa kwenye maji moto na kukandwa usoni mpaka ishike sura yake, akaambiwa atazame alama moja darini asiyumbishe jicho, akapigwa picha za CT. Picha zikaletwa kwetu.

Programu ya pale ilikuwa ikifunguliwa kwa kidude cha leseni, kadiri ya kidole cha mwisho cha mtoto, kinachochomekwa ubavuni mwa kompyuta. Kina kitaa chekundu. Kitaa kilikuwa kinawaka. Lakini tarehe iliyomo ndani yake ilikuwa imepita kwa siku mbili. Tukifungua, skrini inatuandikia kwamba leseni imekwisha, tuwasiliane na muuzaji. Tulikichomoa tukakipuliza vumbi, tukakichomeka upande wa pili, kama mtu anavyopiga redio kofi. Malipo ya kuihuisha yalikuwa yamekaa kwenye faili la ofisi fulani yakisubiri saini ya mtu aliyesafiri.

Siku tisa za kazi. Bibi alikaa kwa jamaa zake siku zote hizo, akija kila asubuhi kuuliza, akikaa kwenye benchi hilo hilo, mkoba mapajani. Siku ya tano aliniambia kivuli kimeshuka mpaka usawa wa pua ya mtu akimtazama.

Alitibiwa mwisho wake. Kivuli kilisimama. Kilichopotea ndani ya siku zile hakikurudi, na leo anasoma kwa herufi kubwa kubwa na kioo cha kukuzia. Mashine haikuwahi kuharibika hata dakika moja. Naomba mlikumbuke hilo siku mtakapoletewa orodha ya manunuzi.

Sasa kwa nini tusingempiga tu? Swali hili nimeulizwa na watu wenye akili zao, wakiwamo madaktari wa fani nyengine. Jicho la mtu mzima lina upana wa takriban milimita 24, dogo kuliko limau. Ndani ya milimita hizo mna lenzi, ambayo ikipata mionzi mingi hufanya mtoto wa jicho. Mna doa la kuonea, kijisehemu cha retina tunachosomea maandishi. Mna neva inayotoka nyuma kwenda ubongoni. Na jicho la pili liko jirani. Mwale ukiingizwa kutoka ubavuni mwa kichwa ukaachwa uende moja kwa moja, utatokea upande wa pili na kupita kwenye lenzi ya jicho la pili. Kwa hiyo tunauinamisha digrii chache kuelekea nyuma, au tunaukata nusu kwa kizuizi, upite nyuma ya lenzi zote mbili. Digrii ngapi? Kizuizi kikae wapi? Fuvu la kila mtu lina umbo lake. Kwenye programu kichwa kinakatwa vipande kama boflo, kila kipande milimita mbili au tatu, na katika kila kipande unachora kwa mkono: hili jicho, hii lenzi, hii neva, huu uvimbe. Ndipo kompyuta inapopiga hesabu na kuchora mistari ya dozi juu ya picha, inayofanana na mistari ya vina kwenye ramani ya bahari ya nahodha. Unaona mstari wa asilimia 95 ya dozi umeuzunguka uvimbe au umeuacha ukingo mmoja nje. Unarekebisha. Unapiga tena.

Uvimbe unaoanzia ndani ya jicho lenyewe una mambo yake zaidi. Kuna tiba ambayo mionzi haitoki kwenye mashine kubwa kabisa. Hushonwa kisahani cha dhahabu juu ya ukuta wa nje wa jicho, mgongoni mwa uvimbe, na ndani ya kisahani zimo mbegu za iodini-125 zinazotoa mionzi, kila mbegu milimita 4.5 kwa urefu, mfano wa chembe ya mchele. Kisahani cha milimita 16 hubeba mbegu 13, cha milimita 20 hubeba 24. Hukaa siku tatu mpaka saba kisha kikatolewa. Wapo wanaotumia rutheni-106, ambayo Wajerumani waliianza Berlin miaka ya 1960 na inafaa kwa uvimbe mfupi. Marekani na Kanada walifanya utafiti mkubwa ulioitwa COMS: wagonjwa 1,317 wenye melanoma ya jicho (saratani inayoanzia kwenye seli za rangi) ya kimo cha kati waligawanywa kwa kura, wengine wakatolewa jicho, wengine wakashonewa kisahani cha iodini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Baada ya miaka mitano waliokufa katika waliotolewa jicho walikuwa asilimia 19, na katika waliobaki na jicho lao asilimia 18. Yaani kung'olewa jicho hakukumwongezea mtu umri.

Ndani ya utafiti huo huo kuna jambo ambalo wakaguzi wa hesabu watalipenda. Dozi kwenye kilele cha uvimbe iliandikwa kwanza grei 100. Mwaka 1996 ikaandikwa grei 85. Mgonjwa hakubadilishiwa kitu: kisahani kile kile, mbegu zile zile, saa zile zile. Kilichobadilika ni kanuni ya kuhesabia, kwa sababu mwaka 1995 chama cha wanafizikia tiba wa Marekani kilitoa mwongozo mpya. Mwaka 2012 kikatoa ripoti nyengine ikieleza kwamba hata kanuni hiyo ilikuwa ikihesabu kana kwamba kisahani na jicho vyote ni maji matupu, wakati dhahabu na ile silikoni inayoshika mbegu zinapunguza dozi inayofika. Sasa chukueni hospitali iliyonunua programu mara moja, ikaifungia kabatini bila ya kuihuisha. Itaandika grei 85 na itaamini ni grei 85.

Nami niseme langu, maana si vizuri kutaja makosa ya wengine peke yake.

Nilikuwa mafunzoni nje ya nchi, nafundishwa programu iitwayo Plaque Simulator, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi kwa kazi ya visahani. Unaanza na jicho la mfano, unaliingizia vipimo vya mgonjwa. Unachukua picha ya ndani ya jicho, unaitandaza juu ya duara hilo, unachora ukingo wa uvimbe, unaweka doa la kuonea na neva mahali pake. Halafu unaiambia kimo cha uvimbe. Kimo hukipati kwenye picha. Unakipata kwenye altrasaundi. Karatasi ya altrasaundi ilikuwa imeandikwa 7.2. Mimi nikajua moyoni kwamba milimita moja ya hizo ni unene wa ukuta wa jicho, nikaitoa, nikaandika 6.2. Kumbe aliyepima alikuwa ameshaitoa. Programu haikuniuliza. Ilichukua 6.2 yangu ikanipa mpango mzuri wa kupendeza, mistari imepangika, saa zimehesabiwa mpaka dakika. Kwa iodini, milimita moja pale kileleni ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya dozi. Uvimbe ungepata pungufu, kilele chake kingebaki na uhai, na mimi ningerudi nyumbani na cheti.

Aliyelikamata kosa ni bibi mmoja mtu mzima, mwanafizikia wa pale, kazi yake siku ile ilikuwa kupiga hesabu ya pili. Hakuifungua programu yangu hata kidogo. Alichukua karatasi ya altrasaundi, akampigia simu aliyepima, akamwuliza swali moja: umepima kutoka ukuta wa ndani au wa nje? Kisha akahesabu kwa kalamu. Grei 85 kwa saa 120 ni grei 0.71 kwa saa, akatazama mbegu zangu zinatoa ngapi kwa kina cha kweli, hazikufika. Akanirudishia karatasi na kuniambia nikanywe chai kwanza ndipo nianze upya.

Hapa Pemba hesabu ya pili hatuhitaji kufundishwa. Hakuna mwenye mkarafuu anayepeleka gunia kituoni kabla hajalipima nyumbani. Hamtuhumu mtu wa mizani. Anataka tu namba mbili, na namba mbili zikigongana mtu anaweka gunia chini kwanza. Kule Panama, mwaka 2000 na 2001, wagonjwa 28 walipewa mionzi kupita kiasi kwa sababu taarifa za vizuizi ziliingizwa kwenye programu ya kupanga kwa namna ambayo programu iliikubali bila ya kulalamika, ikatoa muda mrefu kuliko unaotakiwa, na hapakuwa na aliyepima gunia nyumbani. Wagonjwa kadhaa walikufa kwa hilo. Shirika la Nguvu za Atomiki la Kimataifa lilikwenda kuchunguza na ripoti yake ipo wazi. Mashine ya Panama nayo ilikuwa nzima.

Nitazungumza pia kuhusu mtoto wa kaka yangu, kwa idhini ya kaka yangu. Ilikuwa Idi. Tulipiga picha za simu usiku, na kwenye picha zote jicho moja la mtoto lilikuwa linang'aa jeupe wakati la pili limekolea wekundu wa kawaida. Bibi akasema mtoto wa kaka yenu ana jicho la paka, mpelekeni spitali. Wengine tukasema taa ya simu. Miezi minne tukasema taa ya simu, na mmoja wa waliosema ni mimi, mwenye shahada mbili za mionzi. Alipofikishwa kwa wataalamu uvimbe wa retina ulikuwa umejaza jicho. Likatolewa. Yu hai, yuko darasa la pili, anacheza rede kuliko wote mtaani na ananiita ami kwa sauti ya kuamrisha. Maradhi haya humpata takriban mtoto mmoja katika kila 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Yakiwahiwa, ukiwa uvimbe ni mdogo na uko peke yake, kisahani kinaweza kuliokoa jicho. Mionzi ya mashine kubwa kwa watoto hawa madaktari huikwepa wakiweza, kwa sababu wenye aina ya kurithi huweza kuja kupata saratani nyengine ukubwani pale mionzi ilipopita. Kwa mtoto wetu programu isingesaidia kitu, ilikuwa tumechelewa. Nimemtaja kwa sababu mhudumu wa kliniki ya chanjo akiwa na tochi ya macho na dakika moja angeyaona yale tuliyoyaona Idi, na hilo ni jambo rahisi kuliko yote niliyoandika humu.

Waheshimiwa, sikuombeni kituo cha visahani vya macho Zanzibar. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773. Wagonjwa wa kisahani kwa mwaka watahesabika kwa vidole. Melanoma ya jicho yenyewe huwapata zaidi watu weupe. Na iodini-125 hupoteza nusu ya nguvu yake kila siku 59 na ushei, kwa hiyo mbegu zikikaa siku kumi bandarini zikisubiri karatasi, zimepoteza asilimia 11 kabla hazijafunguliwa. Mnajua wenyewe karatasi zetu zinavyokwenda. 

Ninachokiomba ni kwamba upangaji uje kabla ya mashine, na usimame kwa miguu yake kwenye bajeti. Siku zote mgonjwa wetu wa mionzi amekuwa akivushwa kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na wa kutoka Wete wengi wao huvuka mara mbili, kwanza Unguja. Huvuka kwenda kuonwa, akarudi. Huvuka kwenda kupimwa, akarudi au akabaki kwa jamaa. Huvuka kwenda kutibiwa. Kusi likivuma kuna wanaotapika kutoka Mkoani mpaka bandari ya Malindi, Unguja. Sehemu kubwa ya safari hizi ni za kupeleka vipimo, na vipimo vinaweza kusafiri peke yao. Faili la picha za CT linafika Dar kabla chai haijapoa. Tukiwa na wanafizikia wawili hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na programu ya kupanga inayozungumza lugha moja na ile ya huko kunakotibiwa, uchoraji wa jicho na lenzi na neva ufanyike hapa, mpango wa awali ufanyike hapa, daktari wa huko auone, aurekebishe, na mgonjwa avuke mara moja tu, kwenda kulala chini ya mashine. Wanafizikia hao watakuwa wameshakomaa siku mashine yetu ikishushwa. Mkingoja mashine ifike ndipo mtafute mtu, mashine itakusubirini ikiwa ndani ya makaratasi yake ya nailoni.

Maana mtu huyu hapikwi kwa siku moja. Shahada ya kwanza miaka mitatu, ya pili miwili, kisha mafunzo ya vitendo hospitali yasiyopungua miaka miwili, ndivyo Shirika la Nguvu za Atomiki la Kimataifa linavyoshauri. Kijana anayemaliza kidato cha sita mwaka huu atakufaeni baada ya miaka saba. Muundo wa utumishi umtambue kwa jina la kazi yake, si kama "fundi wa vifaa", na asilipwe kama fundi wa vifaa. (Kazi ninayo; siombi.) Programu yenyewe ikishanunuliwa inataka miezi ya kupimiwa mashine ile ile itakayoifanyia kazi: unapima mionzi ndani ya tangi la maji, kina kwa kina, upana kwa upana, unaiingizia programu, unaijaribu, unaikataa, unapima tena. Muuzaji atakuambieni wiki mbili. Msimwamini.

Kwenye mkataba wa mashine leseni iandikwe kwa umri wote wa mashine, ilipwe mwanzo, pamoja na kuhuishwa na matengenezo. Msiiache ikawa kifungu cha kuombwa upya kila Julai, maana Julai ina mambo mengi na kidude kile hakijui bajeti imepitishwa au bado. Leseni ziwe mbili kwa uchache. Programu ya pili ya kukagua hesabu inunuliwe kwa mtu mwengine, ya kampuni nyengine, isije ikarithi kosa la mwenzake. Nakala za mipango ya wagonjwa zihifadhiwe mahali pawili; sisi tuliokuwa Unguja tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tunakumbuka miezi mitatu ya giza, na sitaki mwenye saratani ya jicho asimamishwe kwenye grei 18 kati ya 30 kwa sababu ya waya wa umeme wa chini ya bahari.

Na Pemba ipatiwe altrasaundi ya jicho, ile yenye kichwa kidogo kinachowekwa juu ya kope, iwe hospitali ya Abdalla Mzee au ya Chake Chake, popote penye mtu wa kuishika. Mtu huyo afundishwe kuandika kwenye karatasi yake, kila mara, bila ya kukumbushwa, amepima kutoka ukuta upi. Fomu ichapishwe yenye visanduku viwili: ndani, nje. Gharama ya fomu hiyo ni wino.

Kikao chenu kijacho cha huduma za saratani kikiwa Unguja, niiteni. Nitakuja kwa boti ya asubuhi na kompyuta yangu, na jicho la mfano lisilo la mgonjwa yeyote. Sitakuja na hotuba. Nitampa Mheshimiwa Waziri wa Fedha kipanya akiburute kilele cha uvimbe milimita moja juu, aone mwenyewe mistari inavyouacha.

Barua hii nimeichapa nakala mbili kabla ya kuituma. Moja inakuja kwenu. Ya pili nimempelekea mwalimu jana jioni, kwa herufi kubwa. Aliisoma mpaka kwenye siku tisa, akavua miwani, akasahihisha: zilikuwa kumi, kwani siku ya kwanza hatukumhesabia.

Wassalaam,

Mwanafizikia tiba, mzaliwa wa Wete